Nani Aliyelipia Sanamu Hii?

Zamani nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, tulikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wa darasa la saba Nairobi siku moja kila mwaka. Asubuhi tulizuru makumbusho, adhuhuri tulikula mikate yetu bustanini, na alasiri tulitembea kwa mistari miwili katikati ya mji. Mwaka mmoja tulisimama mbele ya sanamu ya watu watatu iliyoko Barabara ya Kenyatta, ile ya kumbukumbu ya Vita Vikuu vya Kwanza. Nilikuwa nimeliandaa somo langu barabara: Wajerumani kwa Waingereza, askari wa King's African Rifles, wapagazi waliobeba risasi na unga kutoka huku mpaka Msumbiji. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Mtoto mmoja mdogo wa umbo akanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa walikuwa wakiitwa nani?"

Niligeuka nikasoma maandishi yaliyo chini ya sanamu. Yameandikwa kwa lugha tatu: Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Sikuona jina la mtu hata mmoja. Nikamjibu kwamba ni askari na wapagazi. Akasema kwa adabu, "Hilo nimelisikia, Mwalimu. Nauliza majina yao." Nikamwambia tuendelee na safari kwa kuwa gari lilikuwa likitungoja.

Swali lile halijaniacha. Kwa miaka mingi sasa, kila nipitapo katikati ya jiji lile hujiuliza mambo matatu mbele ya kila sanamu: nani aliyeitaka, nani aliyeilipia, na nani anayeitunza. Nimegundua kwamba ukiyajua majibu ya maswali hayo, mara nyingi utakuwa umekwisha kuijua sanamu yenyewe, hata kabla hujaitazama uso.

Tuanze na hao watatu. Sanamu yao ilizinduliwa mwaka 1928. Ni kazi ya James Alexander Stevenson, mchongaji Mwingereza, ambaye pia alichonga ile sanamu ya askari ya Dar es Salaam ya mwaka 1927. Iliyopanga kumbukumbu hizo ni Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, yenye makao yake Uingereza. Kama kazi ya mkono, mimi siitii dosari. Miili imesimama kwa heshima, na mpagazi amewekwa pamoja na askari, jambo ambalo wengi wasingelifikiria wakati ule. Lakini waliopanga walikuwa mbali, na waliamua huko huko kwamba mzungu aliyekufa apate jiwe lenye jina lake, na Mwafrika apate sanamu ya jumla. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mtoto yule aliona kwa dakika tano jambo ambalo tume ililikubali baada ya miaka zaidi ya 90.

Wananchi, kwa upande wao, walijiwekea kumbukumbu isiyogharimu hata senti. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mahali walipopiga kambi pakaitwa Kariakor huku Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mama auzaye viondo Kariakor hutamka kumbukumbu ya wapagazi mara kumi kwa siku, ilhali sanamu imenyamaza.

Sanamu ya zamani zaidi ililipiwa na mtu mmoja. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi akatajirika hapa, aliutolea mji bustani inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, ikazinduliwa mwaka 1906. Bustani ilikuwa zawadi kwa watu, na sanamu ilikuwa salamu kwa wakubwa. Tazama yaliyozipata zawadi hizo mbili. Mwaka 1991 ulipoletwa mpango wa kujenga juu ya bustani, wakazi wakiongozwa na Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, waliitetea mpaka ikasalimika. Mwaka 2015 sanamu ilivunjwa kichwa, wala sikusikia kilio mtaani. Watu hukitetea kile wanachokihesabu kuwa chao.

Baada ya uhuru tulitazamia mambo yabadilike, na kweli baadhi yalibadilika. Sanamu ya Lord Delamere iliondolewa katika barabara iliyokuwa na jina lake, ambayo ndiyo hiyo hiyo Barabara ya Kenyatta. Lakini njia ya kuamua haikubadilika. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliwekewa sanamu kubwa, ameketi mbele ya jumba la mikutano lenye jina lake, na mchongaji alikuwa James Butler, Mwingereza. Mwaka 1988 lilizinduliwa mnara wa Nyayo, mkono ulioshika rungu ukitokeza katika kilele cha mlima. Kisha mwaka 1989 ukaja mpango wa kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Rais aliyekuwa madarakani. Gharama ilikisiwa kuwa dola milioni 200 hivi, nyingi zikiwa za mkopo. Hakuulizwa mwananchi hata mmoja aliyezoea kupumzisha miguu yake kwenye nyasi zile. Profesa Wangari Maathai alipouliza kwa niaba yao alitukanwa bungeni. Lakini aliendelea kuandika barua huku na huku, wakopeshaji wakasita, na mwanzoni mwa mwaka 1990 mpango ukafa. Naihesabu kazi yake ile kuwa uhakiki bora wa sanaa ya hadhara uliopata kufanywa nchini mwetu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akitetea miti.

Nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu. Miaka ya karibuni imetuletea kazi ninazozipenda. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe, Rais Kibaki alizindua sanamu yake katika barabara ambayo zamani iliitwa Hardinge. Mchongaji ni Kevin Oduor, kijana wetu. Kimathi ameshika bunduki kwa mkono wa kulia na kisu kwa mkono wa kushoto, na ingawa amesimama juu, hajatengwa na watu. Vijana huahidiana kukutana chini yake, na nadhani mtu aliyezikwa katika kaburi lisilo na alama angefurahi kuwa alama ya watu kukutania. Tarehe 20 Oktoba 2011 alifuata Tom Mboya, kazi ya Oshottoe Ondula, akiwa Moi Avenue hatua chache kutoka mahali alipopigwa risasi mwaka 1969. Hapo mahali penyewe ndipo penye maana kuliko shaba: mtu anayevuka barabara kwenda kupanda basi anavuka palipomwagika damu.

Kazi ninayoithamini kupita zote ni kumbukumbu ya Mau Mau iliyozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015, ambayo pia ni ya Oduor. Mwanamke anampa mpiganaji kikapu cha chakula, na hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso ili, akikamatwa na kuteswa, asiwe na sura ya kuitaja. Nimefundisha historia ya miaka ile kwa muda mrefu, nikachora ramani na kuorodhesha tarehe ubaoni, wala sikuwahi kuieleza hofu ile kama nyuso mbili zile zinavyoieleza. Na mwanamke yumo, tena bila yeye msitu usingekula.

Lakini nani aliyeilipia? Ililipiwa na serikali ya Uingereza, katika mapatano ya mwaka 2013 yaliyowapa wazee 5,228 walioteswa fidia ya pauni milioni 19.9. Ilikuwa haki Uingereza ilipe, na wazee walistahili zaidi ya hapo. Hata hivyo, nilipoisoma habari ile niliona aibu kidogo. Kwa muda wa miaka 50 ya kujitawala tulikuwa tumelipia majumba, magari na magwaride, na huyu mama mwenye kikapu ikabidi alipiwe na yule yule aliyekuwa akimwinda. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sijui wangesema nini juu ya mtegemea cha aliyemfunga.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kasoro ya sanaa katikati ya jiji la Nairobi haiko kwa wachongaji. Iko katika kupanga na kulipia. Kila sanamu ilikuja kwa tukio lake: mgeni wa kifalme, maadhimisho ya utawala, sikukuu ya mashujaa, hukumu ya ng'ambo. Kila moja ilipata siku ya uzinduzi, yenye bendi na viti vya wageni. Lakini siku ya pili yake ni ya nani? Nani atakayeosha kinyesi cha ndege, nani atakayebadilisha taa, nani atakayerudisha herufi iliyobanduliwa? Sherehe ina fungu, na ufagio hauna.

Miji mingine ililiona tatizo hili mapema ikatafuta dawa. Philadelphia, huko Marekani, ilianza mwaka 1959 kutaka asilimia moja ya gharama za baadhi ya ujenzi itengwe kwa sanaa. Mfano ambao umenifunza zaidi ni wa Chicago, kwa sababu una mazuri na mabaya yake. Mwaka 1967 katika uwanja ulioko katikati ya jiji hilo ilizinduliwa sanamu ya Picasso, ya chuma, yenye kimo cha meta 15 na uzito wa tani 162. Ujenzi wake uligharimu dola 352,000 hivi, zikalipwa na mifuko mitatu ya wafadhili, na Picasso mwenyewe alikataa ujira wa dola 100,000 akasema ni zawadi kwa watu. Watu wenyewe mwanzoni walicheka. Wengine waliona nyani, wengine mbwa. Leo huwezi kuwanyang'anya.

Lakini jiji haliwezi kukaa likingoja Picasso mwingine akatae malipo. Mwaka 1978 Chicago ilitunga sheria: kila inapojengwa au kukarabatiwa nyumba ya umma ya jiji, asilimia fulani ya gharama itumike kwa sanaa ya mahali hapo. Uzuri wa sheria hiyo ni kwamba haingoji mkubwa apate wazo. Ikijengwa maktaba, fungu limo. Kikijengwa kituo cha polisi, fungu limo. Kwa njia hiyo sanaa ilitoka katikati ya jiji ikaenda hata mitaa ya maskini. Mwaka 1995 mchoraji Kerry James Marshall alichorea maktaba ya Legler, upande wa magharibi ambako Wamarekani Weusi ni wengi, picha kubwa ya watoto wakistaajabia vitabu. Alilipwa dola 10,000.

Sasa sikiliza ubaya. Mwaka 2018 bei za kazi za Marshall zilikuwa zimepanda kama moshi. Meya wa Chicago akaamua picha ile iuzwe mnadani, ikikisiwa kuleta dola milioni 10 mpaka 15. Alisema fedha hizo zitaboresha maktaba yenyewe, na kwa hesabu ya duka alikuwa na hoja. Lakini mchoraji alisikitika hadharani, watu wakapiga kelele, na mnamo Novemba mwaka huo huo picha ikaondolewa mnadani. Funzo nililolipata ni kwamba asilimia peke yake haitoshi. Sheria inayosema namna ya kununua bila kusema kwamba kilichonunuliwa ni cha watu inaacha mlango wa nyuma wazi.

Nayasema haya nami nina deni langu. Baada ya ule ukame wa mwaka 1984, mwalimu wangu wa sanaa aliomba ruhusa watoto wachore kwenye ukuta mrefu unaoelekea barabarani. Nilikubali, lakini nikamwambia shule haina fedha za rangi. Watoto walichanga sarafu kwa muhula mzima. Walichora akina mama kwenye foleni ya mahindi ya manjano, na mmoja wa akina mama hao ameketi chini, amemfunika mtoto kwa leso. Haikuwa kazi ya mabingwa, lakini watu wapitao walisimama. Mwaka uliofuata tulitazamia mgeni mkubwa aje kufungua madarasa mapya. Hakuna aliyeniamuru. Mimi mwenyewe niliutazama ukuta nikaona utatuaibisha mbele ya mgeni, nikaagiza upakwe chokaa. Fedha za chokaa nilizipata kwa siku moja.

Mwalimu wa sanaa hakuninung'unikia. Aliomba uhamisho mwisho wa mwaka. Mgeni alikaa dakika 20, wala sidhani kwamba aliutazama ukuta. Tangu hapo najua kuwa anayeshika fungu anashika pia brashi, na kwamba si lazima awe dikteta ili afute. Yatosha awe mtu mwenye haraka, asiye na wa kumwuliza.

Najua nitakaloambiwa. Hospitali hazina dawa, madarasa yana watoto 80, na mzee huyu anataka masanamu! Naliheshimu jambo hilo, maana nimefundisha darasa la namna hiyo. Lakini tuipige hesabu. Jengo la umma la shilingi milioni 500, kwa asilimia moja, litatoa shilingi milioni 5. Fedha hizo ziko ndani ya gharama ya jengo ambalo litajengwa hata hivyo, na aghalabu hupotea katika mapambo ya ofisi ya mkubwa. Tukitenga sehemu ya kumi kwa matunzo, tutapata shilingi 500,000 za ufagio. Hakuna mgonjwa atakayenyimwa kidonge. Isitoshe, fedha za sanamu zimekuwa zikitumika siku zote. Tofauti ni kwamba zilitumika bila kuulizana.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, na inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kwa hiyo bunge la kaunti lina uwezo wa kutunga sheria ya namna hii. Ningependa iwe na mambo machache tu. Fungu litoke kwenye ujenzi, si kwenye hisani. Wasanii washindane kwa uwazi, na michoro yao itundikwe mahali ambapo hata mchuuzi anaweza kuiona. Watu waulizwe nini kikumbukwe na kiwekwe wapi, bali msanii aachiwe namna ya kukitengeneza. Kama wakazi wa Chicago wangepigia kura umbo la Picasso, wangechagua farasi. Matunzo yawe na fungu lake tangu siku ya kwanza. Tena kazi isiuzwe wala isifutwe ila kwa kikao cha wazi, ambamo aliyeitengeneza na wanaoishi nayo watasikilizwa kwanza.

Sheria hiyo haitamaliza kila kitu. Mwaka 2012 vijana wakiongozwa na mpigapicha Boniface Mwangi walichora ukutani katikati ya Nairobi mwanasiasa mwenye kichwa cha ndege mla mizoga. Hakuna kamati ambayo ingelipia picha ile, na pengine ni heri isingelipia. Sanaa ya kumkemea mkubwa itaendelea kununua rangi yake yenyewe, kama watoto wangu. Ninaloliombea ni kwamba atokee mkubwa ambaye hatakimbilia chokaa.

Mtoto yule aliyeuliza majina sasa ni mtu mzima, huenda ana wajukuu. Nikikutana naye leo mbele ya wale watatu, bado sitaweza kumtajia jina la mpagazi. Lakini nitaweza kumweleza kwa nini halipo: kwa sababu waliopanga na waliolipa hawakumwuliza aliyekuwa akimjua. Kisha ningemwomba msamaha kwa kusingizia gari.